Ulimi wa Bwana Maji

Bwana Maji hakula kitunguu. Hakula pilipili, hakuvuta tumbaku, chai yake haikuwa na sukari, na chumvi aliionja siku ya Krismasi tu, kidogo, kama mtu anayemsalimia adui yake mbele za watu. Alisema ulimi wake ni kifaa cha serikali. "Bwana shamba ana jembe, daktari ana sindano, mimi nina huu," aliniambia siku moja, akautoa nje nikauona. Mwekundu, safi, kama wa ndama.

Kwa sababu hiyo alikula peke yake. Mama wa nyumba hawezi kumpikia mgeni mmoja sufuria yake ya pekee kila akipita, kwa hiyo watu waliacha kumwalika, na yeye aliacha kungoja kualikwa. Miaka mingi nilimwona saa saba mchana ameketi kando ya barabara ya vumbi, ngano huku na ngano huku, baiskeli imelala, anamenya kiazi cha kuchemsha na uso ameuelekeza mlima Hanang. Mashamba yale ya serikali yalikuwa makubwa mno. Dereva wa trekta akianza mstari mmoja, mpaka arudi umeshasahau kwamba aliondoka. Katikati ya yote hayo, mtu mmoja na kiazi.

Alizaliwa wapi, sijui. Sikuuliza. Alikuwa mtu wa idara ya maji, ametumwa kwetu kupima visima na chemchemi, toka ziwani Basotu mpaka kule juu Dongobesh. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za ofisi. Sisi tulimwita Bwana Maji, na hata mchungaji akimwombea kanisani alimtaja hivyo hivyo, nadhani Mungu alielewa ni nani.

Na mimi ni nani? Lazima niseme, kwa sababu habari zake bila mimi hazikamiliki. Mimi nimeishia darasa la nne. Wale walionicheka wakienda sekondari, leo mizigo yao inabebwa na malori yangu. Nina malori matatu, mashine mbili za kusaga, na sheli barabara ya Basotu ambayo tofali lake la kwanza nililiweka kwa mkono huu. Watu wanasema najisifu. Ndiyo, najisifu. Asiyejisifu ana mtu wa kumsifu, mimi sikuwa naye.

Wakati wa mashamba ya ngano nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mtunza mafuta. Matrekta yote, kombaini zote, zilikuja kwangu kunywa. Niliikuta karakana ile chafu, sakafu inateleza dizeli kama imepakwa sabuni. Nikaiosha. Kila jioni nilimwaga maji, nikafagia kwa ufagio mkubwa, nikasukuma yote kwenye mtaro wa maji ya mvua. Meneja alinisimamisha mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Hapa mnaweza kula ugali chini." Mwezi ule ule nikapewa funguo za ghala. Ndipo nilipoanza kuwa mtu.

Bwana Maji alikuwa na maneno yake ambayo watu waliyachukua mpaka yakawa yetu. Mtaalamu mmoja wa kigeni alimharakisha pale kisimani, na Bwana Maji bado alikuwa anasalimia akina mama mmoja mmoja, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mguu uliokuwa unauma. Akamgeukia yule mtaalamu: "Haya maji yamekaa chini tangu babu wa babu. Hayana basi la kuwahi." Kijana akipita bila kusema shikamoo, Bwana Maji alifunga mfuko wake na kuahirisha kazi mpaka kijana arudi aamkie wazee. Akiulizwa habari za mtu, nani kalewa, nani kaiba, alijibu jibu moja tu: "Mimi napima maji. Watu siwapimi."

Lakini alikuwa na vituko. Mtu wa maji, na ziwa aliliogopa! Tulimpeleka Basotu siku ya mapumziko, wavuvi wakamwambia apande mtumbwi. Alivua viatu, akaingia mpaka kwenye vifundo, akarudi. "Mimi najua maji ya chupa," alisema, nao wavuvi walicheka mpaka wakakaa chini. Tena, yeye mtu wa sayansi, hakuthubutu kupiga mluzi karibu na kisima, na kabla hajachota chupa ya kwanza alidondosha jani bichi ndani. Nilimuuliza, "Na hiyo ni sayansi?" Akasema, "Hiyo ni hodi."

Kuonja kwake kulikuwa hivi. Alichukua maji kidogo mdomoni, akafumba macho, akayazungusha. Kisha akatema mara tatu, pembeni, mbali na watu. Hakumeza kamwe. Hata mama mwenye kisima akimsihi anywe, alikataa kwa upole. Alibeba maji yake mwenyewe, yaliyochemshwa, kwenye chupa ya bati. Sikuwahi kumwona akinywa maji ya mtu.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Dada yangu ni mkubwa kwangu. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, akanipikia, akanifulia, hata nilipopata kazi shambani na yeye ameshaolewa jirani pale. Mume wake aliugua akafa. Kwetu sisi Wairaqw mjane hukaa meta, yaani hutengwa kwa muda wake: halili na watu chombo kimoja, hapiti njia ya watu, na kisima cha wote hakigusi. Maji anachotewa, yanawekwa mbali na mlango, mchotaji anarudi nyuma, ndipo mjane anatoka kuyachukua. Si ukatili, ni desturi, muda ukiisha mtu anarudi. Dada yangu aliishika desturi hiyo vizuri. Kitu kimoja tu alichojipa ni taa. Aliogopa giza la nyumba ile, akawasha kibatari chake kila usiku mpaka kunakucha, na nyumba nzima ilinuka mafuta ya taa.

Ikawa maji ya kisima yanabadilika. Kwanza ng'ombe walifika, wakanusa, wakageuka. Halafu akina mama wakaona juu ya ndoo utando wa rangi, kama shingo ya njiwa. Uji ukawa na ladha. Mama mmoja akasema, "Hii ni harufu ya taa." Mwingine akamalizia, "Na taa inayowaka usiku kucha tunaijua ni ya nani." Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imeshaamuliwa: mjane ameshuka kisimani kwa siri, na meta yake, akaosha kibatari. Ndama wawili walipokufa, hapakuwa na mjadala tena. Wazee wa kitongoji wakasema ahame.

Na mimi? Mimi niliyanywa maji yale na sikusikia kitu. Pua yangu na ulimi wangu vilikuwa vimeshalala ndani ya dizeli. Nikasema moyoni, labda kweli alishuka. Ndugu yangu mwenyewe. Nakiri hapa.

Bwana Maji alikuja na baiskeli. Alisalimia wote. Akadondosha jani. Akaonja, akafumba macho muda mrefu kuliko siku zote, akatema mara tatu. "Mafuta ya taa na dizeli ni mtu na kaka yake," alisema, "lakini kaka mtu ana sauti nzito. Hii si taa."

"Unajuaje?" mzee mmoja akamuuliza.

"Naanza na njia mnayosema ninyi. Kama ni mjane, mafuta yametoka kwake. Tuyafuate."

Alikuwa na keekee ya udongo, chuma kirefu chenye ncha ya kuzunguka, unashika mkono huku na huku unakizungusha kama mtu anayesonga ugali mgumu. Maji ya pale yako karibu, kimo cha mtu tu. Akatoboa shimo la kwanza toka kisimani kuelekea kwa dada yangu, kisha la pili, kisha la tatu karibu na mlango wake. Kila shimo alishusha chupa kwa kamba, akadondosha matone kwenye kipande cha karatasi ya kaki, ile ya mifuko ya sukari, akakipigilia kwenye kijiti juani. Maji yakikauka, karatasi inarudi kama ilivyokuwa. Yenye mafuta haikauki. Linabaki doa, ukiliinua kwenye jua linapitisha mwanga kama dirisha.

Karatasi tatu za upande wa dada yangu zilikauka safi.

Akageukia upande mwingine, mlimani, kwenye shamba. Alifanya kazi siku nne peke yake. Hakuna aliyemsaidia kuzungusha chuma, kwa sababu watu hawakupenda majibu yalikokuwa yanaelekea. Jioni nilimwona kutoka karakana, mtu mdogo kwenye mteremko na nyuma yake vijiti vyenye karatasi, kimoja baada ya kingine, kama kamba ya nguo za mtu asiye na familia. Kila karatasi ilikuwa na doa. Na kila moja ilikuwa na doa kubwa kuliko iliyotangulia.

Siku ya tano alifika kwenye mtaro wetu. Pale unapopinda, pale matrekta yanapokatiza, saruji ilikuwa imepasuka, ufa wa kuingiza kiganja. Chini ya ufa udongo ulikuwa mweusi. Meneja alitoka ofisini kwa hasira. "Mtaro huu ni wa mvua tu! Mafuta yataingiaje humo?"

Bwana Maji alikuwa anafuata mtaro kwa macho, kuupandisha, mpaka ulipofika kwenye sakafu yangu. Sakafu ilimeta. Akaitazama. Akatazama ufagio wangu ukutani. Kisha akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia:

"Nani anafagia hapa?"

Meneja akaanza kusema, "Hapa ni pasafi kuliko..." akanyamaza. Nami nilinyamaza. Bwana Maji alitazama buti zangu, akainama, akaandika kwa penseli. Alitumia penseli siku zote, alisema wino ukiona maji unakimbia. Niliona alichoandika, herufi zile nilizijua: *Mtaro umepasuka.* Basi.

Kikao cha wazee kilikaa kesho yake. Dada yangu alikuwa ameketi mbali, peke yake juu ya jiwe, kwa sababu ya meta. Bwana Maji alizipanga karatasi zake zote chini, kwa mpangilio wa mashimo, akaeleza. Wazee walimsikiliza kwa heshima. Kisha mkubwa wao akasema:

"Tumekusikia, Bwana Maji. Ni mafuta ya shamba. Lakini mtaro ule una miaka mingapi? Kwa nini upasuke mwaka huu ambao huyu amekaa meta?"

"Mzee, trekta limepita juu yake."

"Trekta linapita kila mwaka."

Karatasi za Bwana Maji hazikujua hilo. Mzee akaendelea, taratibu, na nakumbuka hakuwa mtu mbaya: "Mafuta hayana miguu. Kuna mkono uliyamwaga. Huyo mtu akisimama hapa leo aseme ni mimi, ataleta kondoo, tutakitakasa kisima, na huyu mama ataonekana hana neno, atamalizia muda wake nyumbani kwake. Ni nani?"

Watu wakamtazama Bwana Maji. Bwana Maji akatazama karatasi zake. "Mimi napima maji," alisema. Na kwa mara ya kwanza maneno yale yalimtoka kama mtu anayemeza mwiba. "Watu siwapimi."

Halafu akainua uso akanitazama mimi.

Nilikuwa na funguo za ghala mfukoni. Nilizishika. Nilikuwa mtu wa darasa la nne mwenye funguo. Nilitazama buti zangu mpaka kikao kikafungwa.

Dada yangu alihama na vitu alivyoweza kubeba. Alikwenda Getanuwas, pembezoni kwa wafugaji, kwenye nyika, ambako alichimba kisima chake mwenyewe kwa jembe. Ilisemwa ni mpaka meta iishe. Meta iliisha. Hakuna aliyekwenda kumwita.

Na mnajua kilichofuata? Ufa ulizibwa kwa saruji. Mimi nikaacha kuosha sakafu, nikawa nakusanya dizeli kwa pumba za mbao, kimya kimya. Baada ya mvua mbili maji ya kisima yakawa matamu, ng'ombe wakanywa. Akina mama wakasema, "Mnaona? Ameondoka, maji yamepona." Niliyasikia haya nikiwa nimebeba ndoo. Hivyo hata uponyaji wa maji, niliouleta mimi, ulimpiga yeye.

Bwana Maji aliendelea kuzunguka. Lakini watu waliona kwamba kila mwezi baiskeli yake inashuka Getanuwas, ambako idara haikuwa na kisima. Wakaanza kusema. Nilimuuliza siku moja, kwa utani, kumbe nilikuwa naogopa. Akasema, "Kisima chake hakimo kwenye ramani. Kisima kisichomo kwenye ramani atakipima nani?" Alikwenda, akaonja, akatema mara tatu, akarudi. Dada yangu alikuwa anamwekea maji chini na kurudi nyuma, kama anavyowekewa mtu wa meta, ila sasa ni yeye aliyekuwa anawawekea watu. Alishajizoeza hivyo. Bwana Maji alinieleza jambo hili mara moja tu.

Mashamba yalikwisha. Kombaini zikabaki kutu. Mimi nikapanda, kama mnavyojua: lori la kwanza, la pili, mashine, sheli. Mke, watoto, nyumba ya bati la rangi. Getanuwas nilituma mahindi, nilituma blanketi, nilituma dereva. Mwenyewe sikwenda.

Mwaka huu nilisikia Bwana Maji yuko Dongobesh, mzee sana, amepanga chumba nyuma ya duka la mbolea. Nikaenda na gari langu zuri. Nilimkuta anakula maharage yenye kitunguu na pilipili nzima.

"Shikamoo, Bwana Maji."

"Marahaba. Kaa, tule. Ulimi umestaafu kabla yangu, siku hizi naweza kula kama watu." Akasogeza sahani, akacheka. "Ila watu wenyewe hawapo."

Nikamwambia nataka nimwonyeshe nilivyofika. Tulisafiri mpaka kwenye sheli yangu. Vijana wangu wamevaa sare, pampu zinang'aa, na sakafu, niseme ukweli, hakuna sheli kutoka hapa mpaka Mbulu yenye sakafu kama ile. Nilimtembeza. Nilimwonyesha ofisi, tangi, choo cha wateja chenye kigae. Alisema "ahaa" kwa kila kitu. Kisha akaniacha naongea, akaenda na fimbo yake mpaka mwisho wa saruji, kwenye mtaro. Akaufuata polepole. Akapiga magoti, mzee wa umri ule, akapitisha kiganja kwenye kila maungio akitafuta ufa. Hapakuwa na ufa. Mtaro ule niliusimamia mwenyewe, chini umeishia kwenye shimo la kunasa mafuta. Nilitaka aniambie, "Vizuri."

Akageuza uso, bado yuko magotini, akaitazama sakafu.

"Nani anafagia hapa?"

Nina vijana tisa. Ningeweza kutaja yeyote. Walikuwa wamesimama pale wananitazama bosi wao.

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa ni mimi."

Bwana Maji alinipa mkono nimnyanyue, akajifuta vumbi magotini, akatembea mpaka kwenye gari akafungua mlango mwenyewe. "Twende basi," alisema. "Maji ya kule sijayapima muda."

Dada yangu amekuwa mzee. Nywele zote nyeupe. Alitusikia, akatoka, akatutazama kwa kiganja juu ya macho. Aliingia ndani akaleta kikombe cha maji, akakiweka chini katikati ya uwanja, akarudi nyuma hatua tano. Mimi nikabaki nimesimama na viatu vyangu vya ngozi mbele ya kikombe kile.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, sakafu, ufagio, funguo. Sikujua namna ya kusema vizuri, nilisema kama mtu anayetapika. Bwana Maji alisimama karibu na gari, ameshika kofia yake.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anatazama ng'ombe wa jirani mbali kule nyikani.

"Siku ile walipokuja kunisema," alisema, "waliniletea ndoo ya maji yale ninuse aibu yangu. Nikanusa." Akanitazama. "Wewe ulifikiri nani alikuwa anafua ovaroli zako?"

Akaja mbele hatua zake tano. Akainama, akaokota kikombe, akanikabidhi mkononi, kwa mikono miwili. Nikanywa nusu. Maji mengine yakaingia kwenye shati. Akakichukua, akaenda mpaka kwenye gari, akampa Bwana Maji nusu iliyobaki.

Bwana Maji alifumba macho, akayazungusha maji mdomoni kama zamani. Nilimngoja ageuke pembeni.

Akameza.